Mikuyu Ile Haikuwa Yetu

Mwanangu Nyangi,

Jua bado liko juu ya kilima, nami nimekaa hapa mlangoni kwa sababu taa siku hizi hainisaidii kitu. Macho yangu yanafunga kazi mapema kuliko kuku. Nitaandika mpaka mwanga uishe, na ukiisha nitakuwa nimemaliza, maana la kusema nimekwisha kuliamua.

Huko nyuma ya nyumba namsikia mama yako Bhoke akikupigia kelele kuhusu chandarua. Mambo ya chandarua, sabuni, vyeti na namna ya kukaa na wenzako bwenini namwachia yeye. Anayajua, na sauti ya kuyasema anayo. Mimi nimebakiwa na pumzi kidogo, na hata hiyo muuguzi wa Mugumu ameniambia niitunze. "Bibi, usipande mlima, usigombane na mtu." Nilimwahidi kwamba mlima sitapanda.

Kesho watu wanakutana kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Unajua ni kuhusu bonde la chemchemi, na unajua yule bwana wa Bomani anataka kuchimba dhahabu mle na kuweka makarasha yake ya kusagia mawe palepale kwenye maji. Usilolijua ni kwamba nitasimama mbele ya watu wote niseme bonde lile si letu na halijawahi kuwa letu. Nikishasema hivyo, baba yako mdogo Chacha atasimama naye aseme jambo kuhusu wewe. Utalisikia ndani ya basi kabla hujafika Mugumu, maana maneno ya huku hayalipi nauli. Ndiyo sababu nataka ulisikie kwangu kwanza, kwa mwandiko wangu, halafu ukilisikia kwa wengine liwe limechakaa.

Nianze mbali kidogo, univumilie. Nimefundisha maisha yangu yote na siwezi kufika mahali bila kupita ubaoni.

Nilipoolewa na Mwita, mama yake alikuwa hai. Siku ya tatu alinichukua kwenda chemchemi, kama bibi harusi wa huku anavyopelekwa, akachote maji ya kwanza ya kupikia katika nyumba yake. Mimi nilikuwa mwalimu mpya, nimetoka chuoni na viatu vyangu vya kufunga kamba, nikaona haya ni mambo ya wazee. Lakini nilipofika pale nilinyamaza. Mikuyu ilikuwa imelizunguka lile jicho la maji kama watu waliokaa kikao. Chini yake kulikuwa na baridi mchana kweupe. Maji yalitoka chini ya mizizi, safi, hayana haraka.

Mama mkwe aliniambia taratibu za pale. Kuni hazikusanywi chini ya mikuyu, hata tawi likianguka lenyewe. Ng'ombe wananywea chini, kwenye kijito, si juu. Na akanionyesha mkuyu wa mwisho upande wa boma letu. "Shamba la Mwita linaishia hapa kwenye mkuyu huu. Kutoka hapa kwenda mbele hakuna mwenye shamba. Hata sisi tukija hapa tunakuja kama watu wengine."

"Kwani serikali ndiyo yenye pale?" nikamuuliza, na ujuaji wangu.

Alinitazama kwa huruma. "Serikali inakunywa maji gani, mke wa Mwita? Ni pa wenye kiu."

Sikusahau maneno yale hata siku moja. Nayasema haya ili usije ukafikiri nilifanya nilichofanya kwa kutojua.

Unajua tuliishi na Mwita miaka mingi bila mtoto aliyebaki. Waliokuja walitangulia. Kisha naye akatangulia, homa ya siku chache tu, nami nikabaki mjane mwenye mshahara na shamba. Mshahara haukumuuma mtu. Shamba liliwauma. Matanga yalikuwa hayajaisha Chacha alipoanza kupima kwa macho. Aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba mwanamke aliyesoma hana shida, serikali itampa nyumba popote itakapompeleka.

Nilikuwa na njia moja. Utakapofika chuoni, Nyangi, watu wa mikoa mingine watakuuliza kwa nini una mama wawili na baba aliyekufa kabla hujazaliwa, na wengine watacheka. Waache wacheke, kisha waeleze bila kutazama chini. Waambie kwamba kwetu mwanamke asiye na mtoto hatupwi. Akiwa na ng'ombe anaweza kutoa mahari akaoa binti, na watoto wa binti yule wanakuwa wa nyumba yake na wanaitwa kwa jina la mume wake. Tunaiita nyumba ntobhu. Wasomi wenzangu shuleni waliniambia ni ushamba. Mchungaji aliniambia ni upagani. Mimi nilikuwa napigania paa langu, na sikuona hata mmoja wao akileta bati.

Shida ilikuwa ng'ombe. Wa Mwita walikuwa wametawanywa kwa ndugu matanga yakiendelea, huyu kachukua huyu kwa deni fulani, yule kachukua yule kwa desturi fulani. Zizi likabaki na samadi. Na wakati ule ndipo wanunuzi wa kuni za mabani ya tumbaku walipokuwa wanazunguka na malori, maana tumbaku hukaushwa kwa moto na miti ya kando ya barabara ilikuwa imekwisha. Nyuma ya mikuyu, juu ya jicho la maji, palikuwa na kichaka cha miti migumu, mirefu, ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa.

Nilimwita Chacha. Nilijua sitaweza bila yeye. Nilimwambia: mimi nitapata ng'ombe wangu, wewe utapata sehemu yako, na wote wawili tutasema miti ilikuwa ndani ya shamba la Mwita.

"Mwalimu," akasema, akicheka, "kumbe shule inafundisha na haya?"

"Inafundisha kujumlisha," nikamjibu.

Jibu lile lilinifurahisha wakati ule. Nimeishi nalo tangu hapo kama mwiba wa samaki kooni.

Walikata wakati wa masomo. Nilikuwa darasani nikifundisha jiografia, na usiponiamini muulize yeyote aliyesoma na mimi: nilikuwa nimechora ubaoni mawingu, mlima, mto, mishale ya mvuke kupanda na mvua kushuka. Shoka lilisikika dirishani. Msichana mmoja wa mbele akanyoosha kidole. "Mwalimu, wanakata wapi?" Nikamwambia, "Andika." Wakaandika. Watoto wote wale waliandika kwamba miti huhifadhi vyanzo vya maji, wakipigiwa shoka kama ngoma ya wimbo.

Na mikuyu yenyewe, mwanangu, haikuwa hata na bei. Mkuyu hauna moto wa maana. Ilikatwa ili kupisha lori lifike kwenye miti ya nyuma. Iliangushwa, ikasukumwa pembeni, ikaachwa ioze. Ulibaki mmoja tu, ule wa kwenye mwamba, kwa kuwa haukuwa njiani.

Nikapata ng'ombe. Nikamwoa mama yako.

Bhoke aliletwa majani yalipokuwa bado mabichi kwenye yale matawi yaliyolala. Nami nilimpeleka kuchota maji ya kwanza, kama nilivyopelekwa mimi. Ungemwona: binti mwembamba, hasemi, ndoo mpya mkononi. Alisimama kati ya visiki. Unajua mkuyu ukikatwa unatoa maziwa. Alikigusa kisiki kimoja, akanusa kidole.

"Mwalimu, hivi vilikatwa lini?"

"Zamani," nikasema.

Alijipangusa kidole kwenye kanga yake, akachota maji, tukarudi nyumbani. Huo ndio ukawa uongo wangu wa kwanza kwa mama yako, kabla hajapika chakula kwangu. Juzi nilimkumbusha, nikamwambia nisamehe. Akasema, "Nilikuwa nimetoka kwa watu wanaochunga, Mwalimu, si kwa vipofu. Niliona ulihitaji niamini, nikaamini." Miaka yote ile alikuwa amenifichia siri ambayo mimi nilidhani namfichia yeye.

Sasa sikiliza kosa la pili, ambalo ndilo kubwa, ingawa halikutoa kelele wala halikuhitaji lori. Wewe ulikuwa umeanza shule walipokuja maofisa wa mpango wa matumizi ya ardhi. Walikuwa vijana wa heshima, wametoka mikoa ya mbali, wana vifaa vyao vya kupimia, na kila jioni walikaa na kamati kuchora: hapa makazi, hapa kilimo, hapa malisho, hapa chanzo cha maji kisiguswe. Mimi nilikuwa katibu wa kamati. Nani mwingine angekuwa? Mwenyekiti alikuwa mwanafunzi wangu. Nusu ya kamati niliwafundisha kushika kalamu.

Tulipozunguka mipaka, wazee walichoka njiani, wakabaki nyuma na Chacha, wakipumzika. Nilifika bondeni na yule kijana mpimaji, sisi wawili mbele. Wakati ule maji yalikuwa bado yapo lakini yamepungua, mtu anachota kwa kikombe kujaza ndoo. Akatazama visiki, akatazama karatasi yake, akaniuliza, "Mwalimu, hapa ni pa nani?"

Kama ningesema pa kijiji, angeuliza nani alikata miti ya kijiji. Kwa hiyo nilisema: "Pa kwetu."

Aliandika. Hakuniuliza mara ya pili. Wazee walipofika, Chacha aliitikia kwa kichwa, na wengine wakasema kama Mwalimu amesema basi. Ndivyo chemchemi ilivyotoka kwa wenye kiu ikaingia kwa Mwita. Iko kwenye ramani pale ofisini ukutani mpaka leo, imepakwa rangi ya mashamba. Nilisema vile ili miti iliyokatwa iwe imekatwa kwetu. Sikufikiri kwamba kitu ukikiita chako kwa sababu ya jana, kesho mtu anakuja kukinunua.

Na amekuja. Wewe ulikuwa umekwenda Morotonga kuaga shangazi zako. Chacha alimleta hapa hapa mlangoni, bwana mnene, mpole, viatu vinang'aa, akaniamkia vizuri. "Shikamoo, Mwalimu." Nikamwitikia. Akaeleza mawe ya kilimani yamepimwa na yana kitu. Atachimba maduara yake, yale mashimo ya dhahabu, juu, makarasha yatakaa chini kwenye maji, ajira kwa vijana, na familia haitasahauliwa.

"Na zebaki?" nikamuuliza. "Ile mnayokamatia dhahabu. Ikishaoshwa inakwenda wapi?"

"Tuna bwawa letu la kuhifadhia, Mwalimu. Kitaalamu kabisa."

"Mvua ya masika inalijua hilo bwawa?"

Akacheka. Chacha hakucheka. Yule bwana akasema kwa kuwa ramani inaonyesha ni shamba la familia, hahitaji maneno mengi: ndugu wakubali, mkutano upitishe. Ndugu wote wamekubali, nimebaki mimi. Nikamwambia arudi Bomani akale chakula chake cha jioni, kwangu hakuna kalamu.

Chacha alirudi peke yake asubuhi iliyofuata. Alikaa kwenye kigoda kile unachopenda. Yeye pia ni mzee sasa, magoti yanalia akikaa.

"Mke wa Mwita, unakufa," akasema. "Wewe unajua, mimi najua. Kwa nini unataka kuondoka na kijiji kizima mgongoni?"

"Nataka kukitua."

"Utasimama kwenye iritongo, mkutanoni mbele ya watu wote, useme nini?"

Nikamwambia nitasema yote. Kwamba shamba la Mwita linaishia kwenye mkuyu wa mwisho. Kwamba kisiki chake bado kipo, na aliyenionyesha ni mama yake mzazi. Kwamba miti tuliiuza mimi na yeye, na mpimaji nilimdanganya mimi.

Ndipo akasema neno ambalo ndilo sababu ya barua hii. Nitaliandika kama alivyolisema.

"Vizuri. Sasa ujumlishe, maana shule inafundisha kujumlisha. Miti ikiwa si yako, ng'ombe uliowapata kwa miti ile nao si wako. Ni wa wizi. Na mahari ya ng'ombe wa wizi si mahari. Bhoke hakuolewa. Na yule msichana unayemsomesha si wa Mwita, si wa ukoo huu, hana hata pa kuzikiwa hapa. Ukisema lako, nitasema langu, na wazee watanisikiliza. Basi chagua: bonde au mtoto."

Nyangi, sitakudanganya kwamba sikuogopa. Anajua desturi kuliko mimi, na alilosema halikuwa la kipumbavu. Kuna wazee watakaolikubali. Ng'ombe kwetu si mzaha. Ndoa imesimama juu ya kwato zao.

Mama yako alikuwa jikoni. Alitoka na mwiko mkononi, ugali umeshikamana nao.

"Baba mdogo, shikamoo. Nimesikia sikuolewa."

"Haya ni mazungumzo ya wakubwa, Bhoke."

"Nami nimekua, ulikuwa hujaniangalia tu. Kama sikuolewa, basi kazi niliyofanya kwenye shamba la kaka yako miaka yote hii nilikuwa kibarua. Na kibarua ana ujira. Uje na ndugu zako mnihesabie. Halafu mnirudishe kwetu, na wale ng'ombe muwadai kaka zangu. Walishaoa nao wote. Mtakapokuwa mnawanyang'anya wake zao mniite, nataka kuona."

Chacha alisimama. Aliitafuta fimbo yake, na fimbo ilikuwa mkononi mwake. Alipofika kwenye michongoma akageuka kusema kitu, akaona mwiko, akaendelea na njia.

Tulicheka, mimi na mama yako, mpaka kifua kikanibana na nikalazwa kitandani siku nzima. Ndiyo ile siku uliyorudi ukaambiwa nimekula kitu kibaya.

Kicheko kilipoisha lakini, neno lilibaki. Nimelala nalo. Nikalipeleka kwa mchungaji, ambaye si yule wa zamani, huyu ni kijana mwema kutoka nyanda za juu. Akaniombea, kisha akasema, "Mama, Mungu amekwisha kukusikia. Inatosha. Si lazima kulivunja boma lako mwenyewe." Nikamwambia, "Mchungaji, Mungu hachoti maji pale." Wanaochota pale ni mabinti wa kijiji hiki, wanakaa wakisubiri kikombe kimoja kijae, na sasa wataletewa maji ya makarasha. Kwao ndiko ninakodaiwa.

Nimefika hapa basi, na hiki ndicho ninachokiamini, ukikubali au ukikataa.

Najutia miti. Najutia lile neno nililomwambia mpimaji. Mama yako simjutii. Wewe sikujutii, hata kidogo, hata nikisimamishwa mbele ya kiti gani cha hukumu. Chacha ameyafunga haya pamoja kama mzigo wa kuni, anataka nikiinua moja niinue yote. Mimi nimeifungua ile kamba. Nilifanya ubaya ili nipate jambo jema, na lile jema lilikuja, likacheka, likaota meno, likajifunza kusoma mapajani mwangu. Uzuri wako haukuusafisha ubaya ule. Wala ubaya ule hauwezi kukuchafua wewe. Kwa muda mrefu nilidhani lazima nichague kimoja kati ya hivyo, ndiyo maana nilinyamaza. Kila nilipotaka kusema kuhusu bonde nilikuona wewe ukirudi shule na sare yako, nikaogopa kwamba nikiivuta mikuyu nitakung'oa na wewe.

Ng'ombe hawazai watu, mwanangu. Ng'ombe ni mashahidi tu. Aliyekupa jina ni mimi. Nilikushika ukiwa na damu bado, kwenye chumba hiki, mvua ikipiga bati, nikakuita kwa jina la mama yake Mwita, Nyangi, yule aliyenionyesha mwisho wa shamba. Nadhani hata siku ile nilikuwa najaribu kumwomba radhi.

Kuna jambo moja ambalo kwalo una haki ya kunikasirikia, na sitakuzuia. Bonde lile lingekuwa lako. Baada yangu ungekuwa na ardhi yenye dhahabu, au angalau ardhi yenye mnunuzi. Kesho nitaitoa mbele ya watu bila kukuuliza. Sikukuuliza kwa makusudi. Kama ningekuuliza ungesema "Toa, Mama," kwa kunihurumia, halafu siku ukiwa na shida mjini ungejilaumu kwa jibu lako. Hasira yako inielekee mimi, usiigeuzie nafsi yako. Kinachobaki ni nyumba hii na shamba mpaka kwenye kisiki cha mwisho. Ulezi unakubali, mihogo inakubali. Si kidogo. Na nikishindwa, Chacha akishinda, hata hiki kinaweza kuguswa. Mama yako analijua hilo. Nilipomwambia alisema, "Waje," akaendelea kupepeta.

Umechagua kusomea upimaji. Siku ile uliponiambia niligeuza uso, ukadhani sikufurahi. Sasa unajua. Utakwenda siku moja kwenye kijiji cha watu, na vifaa vyako, na utasimama mahali uulize hapa ni pa nani, na atakuwapo mtu kama mimi, mwenye miwani, anayeheshimika, atakayekujibu haraka. Usikae na jibu lake peke yake. Ngoja wale waliochoka njiani wafike. Sina zaidi ya hilo la kukufundisha kuhusu kazi yako. Mengine watakufundisha huko, na yatakuwa sahihi.

Wapo watakaosema nimengoja mpaka nikawa na mguu mmoja kaburini ndipo nikawa jasiri. Ni kweli. Sina la kujitetea. Ila nawaambia, ujasiri wa kuchelewa nao unachimba mtaro na maji yanapita. Nimezeeka mno kuogopa kutengwa: wanaonitembelea ni wachache tayari, na kati yao nusu wanakuja kuona kama bado nipo. Wakikataa kunizika kwa heshima za ukoo, mama yako anajua pa kunilaza. Chini ya ule mkuyu wa mwamba siwezi, maana pale si petu. Anilaze upande wetu wa kisiki. Upande wetu kabisa, asikosee.

Mkuyu ule ulimwaga mbegu, umewahi kuona? Kuna miche mitatu imetoka kwenye ufa wa mwamba, na mbuzi hawaifikii. Sijaipanda mimi. Mimi sijapanda kitu pale. Nilijaribu mara moja nikaona aibu, kama mtu anayerudisha kijiko cha nyumba aliyoichoma. Lakini imetoka.

Mwanga unaisha. Mama yako amenyamaza, maana yake begi limefungika.

Kesho usiahirishe safari. Nakujua. Ukimaliza kusoma hapa utataka kubaki usimame nami. Usibaki. Ukibaki, Chacha atakuonyesha kidole mbele ya watu, nitakutazama wewe badala ya kusema, na nitashindwa. Nenda. Kwenda kwako ndiyo sauti yangu ya pili: waone kwamba nimesema na mtoto wangu bado ni mtoto wangu, anakwenda chuo akiwa na jina la Mwita kwenye cheti, na hakuna aliyeweza kulibandua.

Mkutano umeandikwa saa mbili, kwa hiyo utaanza saa tatu. Basi lako nalo ni hivyohivyo. Litapita mbele ya uwanja wa ofisi watu wakiwa wamekaa, na utaniona, maana nitakaa mbele kwenye kiti cha shule nilichoomba. Kaa dirisha la upande huo.

Ukiona nimeinua mkono, usinipungie. Sitakuwa nakuaga. Nitakuwa naomba nafasi ya kusema.

Mama yako,
Mwalimu Wankyo